"Dokta, mbona ya kwako hujayafanya?"

(Haya niliongea Arusha mbele ya madaktari wa meno vijana na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, utani nimeuacha humo humo, kuna sehemu moja tu nimeitoa kwa sababu mhusika angejitambua.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo marahaba kabla hamjanisalimia. Nimepewa dakika 20 na mwenye saa amekaa pale mbele ananikodolea macho kama mama mkwe, kwahiyo naingia moja kwa moja.

Hebu angalieni meno yangu. (Hapa nilikenua, ukumbi ukacheka.) Mbele haya mawili ya juu yana afadhali, ukienda pembeni ni kahawia, na huku chini ndo kabisa, kama mzee wa ugoro. Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai. Kwa mliotoka mbali, ni pale njia ya kwenda Moshi ukishaipita Usa River, na lile jina halijatoka hotelini, maji yenyewe yana rangi ya chai. Yanashuka toka mlima Meru yakipita kwenye mawe ya volkano, yanazoa floraidi huko huko, alafu sisi ndo tunayanywa, na tukipika makande tunatupia na kipande cha magadi ili maharage yaive haraka, na magadi nayo yamebeba floraidi yake. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kuna vyanzo huku kwetu vinaipita hiyo mara kadhaa. Matokeo ndo haya mnayoyaona.

Nyumbani hakuna aliyenishangaa, darasa zima tulikuwa hivi hivi, mwalimu mwenyewe hivi hivi. Nilijua nina meno ya rangi siku nimefika Dar kusoma, jamaa mmoja kwenye daladala akaniuliza kwa upole kabisa, kaka unavuta pakiti ngapi kwa siku? Toka siku ile nikaanza kucheka mdomo nimeubana. Mkitaka kumjua mtu wa namna hiyo kabla hajakaa kwenye kiti chako, mchekeshe akiwa bado yuko mlangoni, uone kama mkono utapanda mdomoni.

Sasa mimi huyu huyu ndo watu wanakuja kuniomba niwape meno meupe. Haipiti wiki mbili bila mtu kunitolea lile swali, wengine kwa aibu na wengine hawana hata chembe, "Dokta, mbona ya kwako hujayafanya?" Nataka niwaambie nimekuwa nikiwajibu nini wagonjwa wanaotaka urembo wa meno, wapi nimeharibu, na saivi nafanya nini. Sina kingine.

Kwanza tukubaliane hiki kitu si kigeni, tusiisingizie Instagram tu. Wamakonde walichonga meno ya mbele yakawa na ncha na mtu akaonekana mtu. Wamasai wanang'oa mawili ya chini. Bibi zetu wa pwani wamesifiwa mwanya kwenye mashairi na taarab mpaka leo. Mdomo umeremba watu miaka yote, kilichobadilika ni kwamba mkono unaoremba saivi ni wetu sisi wenye leseni, na tuna mashine inayozunguka maelfu kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, ukiteleza kidogo tu kinachoondoka hakirudi.

Sisi madaktari wa meno tuna majibu mawili mabaya na yote mimi nimeyatoa.

La kwanza ni mahubiri. Alikuja dada mmoja, miaka 23 hivi, anafanya kazi mapokezi hotelini, harusi yake imebaki wiki sita. Akanionyesha simu, msanii fulani katabasamu meno yamewaka kama vigae vya bafuni, akasema dokta nataka vinia kama hizi, juu na chini. (Kwa msio wa fani, vinia ni vile vigamba vyembamba vya kubandika mbele ya jino.) Nikamfungua mdomo, meno mazima, hakuna hata tundu. Nikaanza. Dada, Mungu amekupa meno mazuri, kuna watu wanalia usiku wapate meno kama hayo, hizi picha ni za uongo, utakuja kujuta, sijui nini na nini, dakika kumi nzima, nesi wangu anatikisa kichwa kuunga mkono kama yuko kanisani. Yule dada akasema "asante dokta" akachukua pochi yake. Kuna asante mnaijua, ile ambayo maana yake kwako sirudi tena.

Alirudi lakini, baada ya miezi mitatu. Mdomo umevimba na unatoa harufu. Alienda saluni, akabandikwa vile vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa seti, na kwa nilivyoona kilichotumika ni gundi ya kucha. Vimeingia mpaka chini ya fizi, chakula kimeoza humo ndani, fizi ukiigusa tu damu. Nilikaa naye zaidi ya saa mbili nikitoa kimoja kimoja, na vingine vilitoka na kipande cha jino. Nikiwa katikati ya ile kazi ndo nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza siku ya kwanza, hivi dada ni nini hasa kilikuwa kinakukera? Akanionyesha kwa kidole. Jino moja tu, la pili kushoto, limekaa nyuma kidogo, kwenye picha linatupa kivuli linaonekana kama halipo. Yani jino MOJA! Ningebandika kompositi kidogo kwa mbele, ule ujazo wa rangi ya jino, nusu saa, bila kuchonga chochote, angeenda zake harusini. Ile plastiki aliibandika mtu wa saluni, ila aliyempeleka saluni ni mimi.

La pili ni la pesa, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu ndo linawasubiri mkitoka tu hapa. Nilikuwa nimetoka kozi ya wikiendi, cheti bado kinanuka wino, nimenunua seti mpya ya visagio. Akaja dogo mmoja wa miaka 20, kwao pesa si shida, meno yana rangi ya kawaida ya binadamu na mawili yamepishana kidogo. Anataka meupe, yote, wiki hii. Nikasema poa. Nikachonga sita ya juu, nikayavika krauni za porselini, zile kofia zinazofunika jino zima, na niseme ukweli yalipendeza, dogo alinikumbatia na mama yake akaniletea mbuzi. Mwaka na nusu baadaye akaja shavu limejaa, jino moja limekufa ndani ya krauni. Nikatoboa ile ile krauni niliyoisifia nikatibu mzizi. Leo nikikutana na yule mama sokoni bado ananishukuru, na mimi naangalia nyanya.

Kwanini lilikufa? Kuna watafiti wawili, Edelhoff na Sorensen, mwaka 2002 walichukua meno ya mfano wakayachonga kwa namna mbalimbali, wakapima uzito kabla na baada. Krauni ya jino la mbele inakula kati ya asilimia 63 na 72 ya ile sehemu inayoonekana juu ya fizi. Vinia ni kati ya asilimia 3 na 30, inategemea na muundo wake. Sasa chukua jino la mtoto wa miaka 20 ambaye neva yake bado ni pana, ondoa theluthi mbili ya nyumba yake, alafu ushangae mwenye nyumba amehama. Na enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, si kama mfupa. Mfupa unaunga, ngozi inaota, ila seli zilizoitengeneza enameli zinakuwa zimeshakufa jino linapochomoza kwenye fizi, hakuna fundi aliyebaki kiwandani. Ulichosaga umesaga.

Na kuna hesabu hatuwaambii wagonjwa. Vinia nzuri ya porselini ikitunzwa inaweza kwenda miaka 10, 15, wengine zaidi. Mtu anafanya ana miaka 22. Akifika 60 ameshabadilisha mara ngapi? Na kila ukibadilisha unasaga tena kidogo. Meno nane ya porselini kwenye kliniki nyingi za mjini yananunua bodaboda mpya na chenji inabaki, na ile bodaboda atainunua tena na tena maisha yake yote, na bima za watu wetu wengi haziligusi hilo kwa sababu ni urembo. Mimi saivi hiyo hesabu naiandika kwenye karatasi, kwa tarakimu, mbele yake, na ya miaka 30 mbele pia, naipasia upande wa pili wa meza kisha nanyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu.

Waingereza wana kipimo chao, daktari mmoja anaitwa Martin Kelleher alikiandikia mwaka 2010, akakiita kipimo cha binti. Kwamba kabla hujamfanyia mgonjwa, jiulize, kwa ninachokijua mimi, ningemfanyia binti yangu hivi? Ni kizuri, nilikikopi mara moja, niliwahi kukibandika ukutani pale kliniki. Lakini nikaja kukishuku. Binti yangu mimi amezaliwa mjini, amekunywa maji ya chupa toka ananyonya kwa sababu baba yake anajua, meno yake meupe kama tui. Nitamfanyia nini huyo? Hamna. Kwahiyo nikikitumia kile kipimo kwa binti wa Maji ya Chai mwenye meno ya kahawia yenye mashimo mashimo jibu linatoka hapana, usimguse, kumbe nimempima kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwa meno mazima yenye rangi ya kawaida kipimo kinafanya kazi safi kabisa, kingemuokoa yule dogo. Kwa huku kwetu inabidi ujiulize kama ni wewe mwenyewe, ule mkono ukiwa unapanda mdomoni.

Sasa, nafanya nini saivi.

Kitu cha kwanza nilikibadilisha ni kioo. Mnajua kile kioo kidogo cha mkononi tunachompa mgonjwa ajiangalie? Nilikitupa. Ukimpa mtu kioo kidogo anasogeza karibu anaangalia jino, tena jino moja, na jino lolote duniani ukilisogelea sentimita kumi lina kasoro. Nimefunga kioo kikubwa ukutani, cha kabatini, na anasimama hatua mbili nyuma, kama watu wanavyomuona wakiwa wanaongea naye. Alafu namwambia, ongea. Niambie umetoka wapi leo. Anajiangalia akiongea. Wengi hapo hapo wanabadilisha maombi. Mama mmoja alikuja analalamika meno ya chini yamepinda, akasimama pale akaongea kama dakika mbili, akageuka akasema "mbona hayaonekani?" Akalipia skelingi, kutolewa ugaga tu, akaenda zake na meno yake.

Alafu namuuliza lini alianza kuliona hilo tatizo, na nani alilisema. Hili swali la nani lina mambo. Wakati mwingine ni mume. Wakati mwingine ni bosi, maana kuna kazi za kaunta ambapo mtu wa meno ya rangi hapangwi mbele, hawaandiki popote ila anawekwa stoo. Wakati mwingine ni simu tu, kamera ya mbele inavuta pua na meno yakae mbele kuliko yalivyo. Majibu tofauti, matibabu tofauti, na mengine hayana dawa kwenye kabati langu.

Na nafanya majaribio. Hii naomba muichukue kabisa. Unachukua kompositi, unaiweka juu ya jino bila kulipaka asidi wala gundi, unaitengeneza kwa vidole na kispatula, unaipiga mwanga. Dakika 15. Unamwambia toka nje ukajiangalie kwenye jua, piga picha, mtumie mtu wako. Akirudi unaibandua kwa kucha, jino liko vile vile. Niliwahi kumfanyia mzee mmoja mstaafu aliyetaka kuziba pengo dogo la mbele, akatoka nje, akarudi anacheka, "toa baba, nimefanana na shemeji yangu."

Tuje kwenye hili letu la meno ya kahawia, maana hapo ndo wagonjwa wa mkoa huu wanapodanganywa zaidi. Ile rangi haikuingia kwa uchafu. Enameli ya meno ya mbele inatengenezwa mtoto akiwa bado mdogo sana, miaka mitatu minne ya kwanza, floraidi ikizidi wakati ule enameli inatoka na vitundu vidogo vidogo haijakaza vizuri, jino linachomoza likiwa na mawingu meupe kama chaki, alafu huku nje taratibu vile vitundu vinafyonza rangi. Kwahiyo ukimwambia mtu apige mswaki sana unamtukana tu. Mimi nilisugua mkaa, nikasugua ndimu na magadi soda, mpaka fizi zikachubuka. Ndimu ina pH kama 2 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unapanda), na enameli inaanza kuyeyuka ikishuka chini ya 5.5 hivi, kwahiyo nilikuwa nayeyusha kile kidogo nilichobaki nacho huku nikiona nafanya usafi.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alienda kufungua kazi Colorado Springs kule Marekani akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, wanasema ni kula nguruwe sana, mara maziwa mabovu. Alihangaika nalo miaka 30. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini, Churchill, ndo akapima maji wakakuta floraidi. Sasa utamu uko hapa, huko huko Colorado Springs, daktari mwingine, Walter Kane, alianza mapema tu, 1916, kuondoa ile rangi kwa asidi ya haidrokloriki na joto. Yani kabla hawajajua sababu, wagonjwa walishaomba, na kuna mtu alishawajibu.

Njia ile ndo mama wa tunayoitumia leo. Mwaka 1986 Croll na Cavanaugh waliichanganya asidi ya asilimia 18 na unga wa pumisi, lile jiwe jepesi la kusugulia, ikawa unasugua kwa muda mfupi mfupi. Mkifanya, mtenge meno kwa mpira vizuri jamani, asidi ikigusa fizi mgonjwa hatakusahau. Mnaweka uji ule wa kijivu juu ya jino, mnausugua taratibu sekunde chache, mnaosha, mnaangalia jino likiwa limelowa, sio likiwa kavu, kwa sababu jino kavu linajifanya jeupe na linawadanganya wote wawili. Kinachoondoka ni ngozi ya juu tu, sehemu ndogo ya milimita. Kwa wengi kahawia inaondoka au inafifia sana, yale mawingu meupe yanabaki, na hayo unayashughulikia kwa blichi, dawa ya kung'arisha meno, ili rangi ya nyuma isogelee ile nyeupe. Ikishindikana ndo kompositi. Ikishindikana kabisa, jino lina mashimo na linamomonyoka, ndo tuanze kuongea vinia, na hapo siogopi kuziongea kwa sababu sichongi kitu kizima.

Blichi yenyewe ilivyopatikana inachekesha. Mwaka 1968 daktari wa kunyoosha meno kule Arkansas, Klusmier, alimpa mgonjwa dawa ya fizi yenye kabamaidi peroksaidi aiweke kwenye kile kifaa chake cha usiku, fizi zikapona na meno yakawa meupe. Ilikaa kienyeji hivyo mpaka 1989 ndo Haywood na Heymann wakaiandika kitaalamu. Asilimia 10, usiku, wiki mbili, na ndo ile ile mpaka leo. Ulaya toka mwaka 2011 sheria yao inasema haidrojeni peroksaidi inayotoka kwenye dawa isizidi asilimia 6 (kabamaidi ya asilimia 10 inatoa chini ya hapo), na chini ya miaka 18 usimpe. Mwambieni mgonjwa ukweli wake, meno yatasisimka siku kadhaa akinywa baridi, na blichi haibadilishi jino lililozibwa wala krauni, atabaki na jino moja la njano katikati ya meupe kama mgeni kwenye picha ya ukoo.

Mwanya sasa. Nilikuwa nauona ni kitu kidogo mpaka alipokuja binti mmoja na bibi yake, toka Tanga. Binti anataka uzibwe, ameshaamua. Nikamsimamisha kwenye kioo. Bibi amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba magotini, akasema taratibu, "Mwanangu, huo ulimtoa babu yako kwao akaja kukaa kwetu." Binti akasema, "Bibi, hao ni wa zamani." Nikanyamaza, nikafanya majaribio, nikauziba kwa kompositi bila gundi. Binti akajiangalia muda mrefu sana. Bibi naye akasogea, akajiangalia yeye kwenye kile kioo, akafungua mdomo, na wake bado upo. Binti aliniambia nibandue, atafikiria. Sijui alifikiria nini, hajarudi, na mimi sikumpigia simu. Wiki hiyo hiyo nikapata mwingine anataka nimtengenezee mwanya kwa kusaga meno mawili mazima. Huyo nilikataa na ningemkatalia hata leo, ila nilimwambia kwanini kwa dakika moja, sio kumi, na nikamwambia mlango uko wazi akiwa na shida nyingine. Kukataa kupo. Kinachoudhi ni kumkataa mtu na kumhubiria juu.

Kuna mmoja wa kuwa naye makini. Anakuja na kasoro ambayo wewe huioni. Unawasha taa, unavaa miwani ya kukuzia, huioni. Amepita kwa madaktari watatu na wote kwake ni wabovu, wewe ndo mzuri. Anakuambia anajiangalia kwenye kioo masaa. Mwanafunzi wangu, huyo ukimchonga hata kazi ikiwa ya dhahabu, mwezi ujao kasoro imehamia jino la pili, na wewe umekuwa daktari wa nne mbovu. Shida haiko kwenye jino. Lakini hapa kwetu ukimwambia mtu akamuone daktari wa akili anasikia Milembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, anaona umemuita chizi. Mimi nasema hivi, kaka, naona hili jambo linakunyima usingizi, na usingizi si fani yangu, kuna mwenzangu naomba uongee naye kwanza alafu urudi tuangalie jino pamoja. Wawili walienda. Mmoja alinitukana, akasema nimekosa vifaa vya kisasa. Sawa.

Mwenye saa ananionyesha vidole viwili, namalizia.

Lile swali la mbona ya kwako hujayafanya. Nimeyafanya mawili. Haya ya mbele, mwenzangu tuliyesoma naye alinisugua kwa pumisi na asidi mchana mmoja tukiwa hatuna wagonjwa. Mengine nimeyaacha, nilitaka wagonjwa wangu waone yalivyokuwa na yanavyokuwa kwenye mdomo mmoja, badala ya kuwaonyesha picha za Wazungu. Mke wangu anasema ni uvivu. Inawezekana.

Mwezi uliopita alikuja mama toka kwetu kule, ana mtoto wa miaka tisa kamshika mkono, mwingine mgongoni kwenye kanga kalala, kachanga. Huyu wa tisa meno ya mbele yametoka kahawia, shuleni wanamwita "kutu". Mama anasema, dokta nina pesa kidogo ya mahindi, nifanyie huyu mtoto ang'ae. Nikamuuliza mtoto mwenyewe kama anataka, akaangalia chini, akasema anataka. Tukapanga, kusugua tu basi, tena kidogo, meno bado machanga. Namuandikia tarehe ya kurudi, mama anajifunga kanga vizuri, ndo nikaona kile kichanga kimeamka kinaniangalia, mdomo wazi, fizi tupu.

Nikamuuliza, mama, na huyu anakunywa maji gani?

Akasema, "Si hayo hayo dokta, ya bomba la pale kwa mwenyekiti."

Nikachukua ile ile karatasi ya tarehe nikaigeuza nyuma, nikaandika maji ya mvua, yakingwe kwenye bati safi, yachemshwe, ya mtoto peke yake, na magadi yasiingie kwenye uji wake. Akaniuliza kiangazi je. Tukakaa hapo tukihesabu ndoo, simtanki ya lita ngapi inamtosha mtoto mmoja mpaka masika, na foleni nje inapiga kelele.

Haya, maswali. Kaka wa nyuma kule mwenye shati la bluu, nimekuona toka mwanzo, uliza.